Ardhi ya Kupewa na Ardhi ya Kununua: NYU na USC Ndani ya Miji Yao

Mgeni anayepanda ngazi kutoka kituo cha treni ya chini ya ardhi cha West 4th Street mjini New York, kisha akauliza kilipo chuo kikuu cha NYU, ataambiwa kwamba amekwisha kuingia. Hapana geti wala mlinzi wa kuandika jina lake. Atakachokiona ni mitaa ya kawaida ya Greenwich Village, yenye migahawa, maduka na nyumba za watu, na hapa na pale jengo lenye bendera ya zambarau inayoonyesha kwamba ndani yake kuna madarasa. Mwenzake aliyeshuka treni karibu na chuo kikuu cha USC mjini Los Angeles, kiasi cha kilomita 3,900 upande wa magharibi, hahitaji kuuliza. Mbele yake kuna uzio, majengo ya matofali mekundu yaliyopangwa kuzunguka viwanja vya nyasi, na lango ambalo hapiti bila kuonyesha yeye ni nani.

New York University na University of Southern California hulinganishwa kila mwaka na vijana wengi wanaoomba nafasi Marekani, na si ajabu, kwa kuwa vinafanana kuliko vyuo vingi vilivyo mbali kiasi hicho. Vyote viwili ni vya binafsi. Viko ndani ya majiji makubwa mawili kuliko yote nchini humo, kila kimoja kina makumi ya maelfu ya wanafunzi, vyote vina sifa katika filamu na biashara, na katika orodha za kupanga vyuo kwa ubora hupishana kwa hatua chache tu, leo huyu mbele na kesho yule. Kwa hiyo wengi huishia kuamua kwa hali ya hewa, kwamba huku kuna theluji na kule kuna jua. Mimi naona kwamba tofauti yenye uzito imo katika jambo ambalo vipeperushi vya vyuo havilitaji, yaani namna kila kimoja kilivyoipata ardhi kinachokaa juu yake. Humo ndimo zilimotoka tofauti nyingine nyingi, kuanzia michezo na mabweni hadi ugomvi na majirani, na hata uamuzi wa chuo kimoja kwenda kujenga Abu Dhabi ilhali kingine kilibaki nyumbani.

Kabla ya kufika huko, neno "binafsi" linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu linapovuka bahari hubeba maana nyingine. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, vyuo vikuu binafsi vilivyo vingi ni mambo ya miaka ya 1990 na kuendelea, na bado wapo wanaoviona kama kimbilio la aliyekosa nafasi ya chuo cha serikali. Nchini Marekani mambo yalikwenda kinyume, kwa kuwa vyuo vya kwanza vilikuwa vya binafsi na vya serikali za majimbo vikafuata. NYU na USC havina mwenye mali wala wanahisa wa kugawana faida. Vinaendeshwa na bodi za wadhamini ambazo hujichagulia wajumbe wapya, chini ya hati za kuanzishwa ambazo serikali ya jimbo haiwezi kuzibadili ipendavyo, jambo lililothibitishwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 1819 katika kesi ya chuo cha Dartmouth, miaka 12 kabla ya NYU kuzaliwa. Hata hivyo ubinafsi huo haumaanishi kujitenga na fedha za umma. Serikali kuu hulipia sehemu kubwa ya utafiti wao na huwakopesha wanafunzi wao, nayo majengo yao ya kufundishia hayatozwi kodi ya majengo. Msamaha huo wa kodi tutaurudia, maana New York umekuwa mfupa kooni.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliijua mipaka hii kwa kuivuka. Katika miaka ya 1990 alikuwa profesa NYU, na mwaka 2002 akahamia University of California, Irvine, katika pwani ya magharibi. Wapo wanaodhani alikwenda chuo ndugu wa USC kwa sababu jina California limo katika vyote viwili. Irvine ni chuo cha umma, katika mfumo mmoja na Berkeley na UCLA, na mkazi wa jimbo hulipa humo ada ndogo kuliko mtu wa nje. USC haina bei ya mwenyeji na bei ya mgeni. Aliyezaliwa mtaa wa pili na aliyetoka Mwanza huandikiwa ankara ileile.

Sasa tuje kwenye ardhi, na tuanze na chuo kilicho kichanga. USC ilifunguliwa mwaka 1880, wakati Los Angeles ilikuwa mji mdogo usio na barabara za lami, simu wala taa za umeme. Jaji Robert Maclay Widney aliwashawishi watu watatu watoe ardhi, na majina yao yanafaa kukumbukwa kwa kuwa kila mmoja alikuwa na dini yake: Ozro Childs, Mprotestanti aliyefanya biashara ya miche na bustani; John Gately Downey, Mkatoliki mzaliwa wa Ireland aliyewahi kuwa gavana wa California; na Isaias Hellman, Myahudi mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa mwenye benki. Kwa pamoja walitoa viwanja 308. Baadhi vikatengwa kuwa makao ya chuo na vilivyobaki vikawekwa viuzwe ili fedha zake ziwe mtaji. Chuo chenyewe kilikuwa chini ya Kanisa la Methodisti, kikaanza na wanafunzi 53 na walimu 10.

Ukarimu ulikuwemo katika zawadi ile, lakini hesabu pia ilikuwemo. Katika mji ambao ardhi ilikuwa tele na watu wachache, mwenye viwanja vingi alifaidika kuwa na chuo jirani, kwa sababu chuo huvuta watu, nao watu hupandisha bei ya viwanja vilivyobaki. Kwa hiyo USC ni sehemu ya biashara ile ile ya ardhi iliyoijenga Los Angeles, na bei zilipoporomoka mwishoni mwa miaka ya 1880 chuo nacho kiliyumba. Lakini mahali pake palibaki palepale. Mji ulikuja kukizunguka, kisha ukuaji wake ukaelekea magharibi na baharini, na matajiri wakahama nao. Mitaa inayopakana na chuo ikawa ya Wamarekani weusi na baadaye ya Walatino kwa wingi, watu wa kipato cha chini katika sehemu kubwa. Leo kampasi kuu ina ekari zipatazo 226, eneo ambalo Manhattan hakuna chuo kinachoweza hata kuliota.

NYU ilizaliwa mwaka 1831 katika hali tofauti kabisa. New York ilikuwa tayari bandari kubwa, na tayari ilikuwa na chuo, Columbia, kilichokuwa karibu na Kanisa la Kianglikana na kilichowalea watoto wa wakubwa kwa Kilatini na Kigiriki. Albert Gallatin, mzaliwa wa Geneva aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Marekani kwa miaka mingi, akiwa na wenzake wafanyabiashara, alitaka chuo cha watoto wa wenye maduka na mafundi, kisichofungwa na dhehebu. Hakuna aliyewapa viwanja 308. Walikodi vyumba, kisha wakajenga jengo lao upande wa mashariki wa Washington Square, uwanja ulio Greenwich Village. Ili kupunguza gharama, mawe yalichongwa na wafungwa wa gereza la Sing Sing, na mwaka 1834 wachonga mawe wa mjini, walioona riziki yao imenyang'anywa, wakaandamana kwa vurugu hata askari wakaitwa kuwatuliza. Tukio hilo ni la kuwekwa akibani, kwa sababu karibu miaka 180 baadaye chuo hicho hicho kilijikuta kikijibu maswali ya namna ileile kuhusu vibarua wa ujenzi mahali pengine.

Inashangaza kwamba NYU iliwahi kujaribu kuwa kama USC. Katika miaka ya 1890 viongozi wake waliona Washington Square pamebana, wakanunua kilima Bronx, kaskazini mwa jiji, na kumpa kazi Stanford White, msanifu majengo aliyekuwa na jina kubwa wakati huo. Huko University Heights palijengwa kampasi yenye maktaba ya kuba na varanda ndefu ya sanamu za Wamarekani mashuhuri. Kwa karibu miaka 80 NYU ilikuwa na nyasi zake na upepo wake. Halafu ikaja miaka ya 1970. Jiji la New York lilielekea kufilisika, chuo nacho kikiwa taabani, na mwaka 1973 kampasi ile ikauzwa. Leo ni Bronx Community College, chuo cha umma, na sanamu zile bado zimesimama pale zikiwatazama wanafunzi wa chuo kingine.

Nimeielezea habari hii kwa kirefu kwa sababu bila kuijua mtu hataielewa NYU ya sasa. Watu hudhani kutokuwa na uzio ni falsafa, kwamba waanzilishi walitaka chuo kichanganyike na mji. Kiasi fulani ni kweli, lakini chuo kilirudi kubanana Greenwich Village kwa kulazimika, baada ya kuuza sehemu pekee iliyokuwa na nafasi. Chini ya John Brademas, mbunge wa zamani aliyekiongoza tangu 1981 hadi 1992, kilianza kuchangisha fedha kwa kasi kubwa na kununua au kujenga mabweni, na chuo ambacho wanafunzi wake wengi walikuwa wakija asubuhi kwa treni na kurudi kwao jioni kikageuka kuwa cha vijana wa kutoka nchi nzima na dunia nzima. Kila bweni lilikuwa jengo katika mtaa wa watu. Zawadi ilizopata NYU nazo zilikuwa za aina yake: mwaka 1947 kampuni ya makaroni ya Mueller ilinunuliwa kwa manufaa ya shule yake ya sheria, ikawa faida ya makaroni inasomesha mawakili bila kutozwa kodi, mpaka Bunge la Marekani likatunga sheria mwaka 1950 ya kutoza kodi biashara za vyuo zisizohusiana na elimu. Aliyekosa ardhi hutafuta mtaji popote.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba mgawanyo wa kupewa na kununua umekaa sawasawa kama nilivyouweka katika kichwa cha makala. Vyote viwili viliwahi kutumia mkono wa serikali kuwaondoa watu. Kusini mwa Washington Square, katika miaka ya 1950, mpango wa kubomoa mitaa chakavu uliosimamiwa na Robert Moses, ofisa mwenye nguvu kubwa jijini humo, uliiwezesha NYU kupata vipande vikubwa vya ardhi ambavyo isingevipata kwa kununua nyumba mojamoja. Los Angeles, mpango wa jiji wa kuijenga upya mitaa, uitwao Hoover, wa mwaka 1966 uliipa USC nafasi ya kujipanua katika mitaa iliyokuwa na wakazi. Tofauti ni kwamba wakazi wa Greenwich Village walikuwa na mawakili, waandishi na wasanii wenye sauti, na wale wa kusini mwa Los Angeles hawakuwa na nguvu hiyo. Ndiyo maana NYU ilipotangaza mpango wake wa upanuzi uitwao NYU 2031, ilipingwa na majirani pamoja na wengi wa wahadhiri wake wenyewe. Baraza la Jiji liliupitisha mwaka 2012, kesi ikafunguliwa, na hukumu ya mwisho iliyokipa chuo ushindi haikutoka mpaka 2015. Huko USC, mtaa wa mabweni na maduka uitwao USC Village, uliogharimu dola milioni 700, ulifunguliwa Agosti 2017. Malalamiko yalikuwepo, hasa kuhusu kodi za nyumba zitakavyopanda na wenyeji watakakokwenda, lakini jengo lilisimama katika muda wake.

Uzio wa USC nao una historia, na si ya zamani kama mgeni anavyoweza kudhani. Kwa miaka mingi mtu yeyote aliweza kukatisha kampasi usiku. Aprili 2012 wanafunzi wawili wa shahada za juu kutoka China waliuawa kwa risasi wakiwa ndani ya gari katika mtaa usio mbali na chuo, na Oktoba ya mwaka huo watu wanne walijeruhiwa kwa risasi kwenye sherehe ndani ya kampasi. Kuanzia 2013 malango yakawa yanadhibitiwa tangu saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka 2024, baada ya maandamano ya wanafunzi kuhusu vita vya Gaza na polisi kuwakamata watu zaidi ya 90, ukaguzi wa vitambulisho ukahamia mchana pia. NYU, isiyo na malango ya kufunga, ilipata njia yake katika majuma hayohayo ya Aprili 2024: polisi waliwaondoa waandamanaji katika uwanja ulio mbele ya shule ya biashara, na chuo kikauzungushia uwanja huo ukuta wa mbao. Chuo ambacho kwa miongo kilijitangaza kuwa hakina mpaka na mji kilijenga mpaka kwa siku moja.

Ni haki kusema pia kwamba USC haikuwapa majirani zake mgongo tu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 inaendesha mpango wa kuwafundisha watoto wa shule za jirani kuanzia darasa la sita la Kimarekani hadi mwisho wa sekondari, wakija kampasini asubuhi kabla ya shule na siku za Jumamosi, na anayehitimu mpango huo na kukubaliwa chuoni hapo hulipiwa ada. Kwa maoni yangu ni jambo la maana kuliko bustani zote za kampasi, ingawa idadi ya watoto wanaofikiwa ni ndogo ukiilinganisha na ukubwa wa mtaa.

Michezo ndiyo sehemu ambayo mwanafunzi huhisi tofauti ya ardhi kabla ya kuisoma. USC imepakana na uwanja wa Coliseum, uliofunguliwa mwaka 1923 na kutumika katika Olimpiki za 1932 na 1984, na unaotarajiwa kutumika tena 2028. Humo ndimo timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo hicho, wachezaji wake wakijulikana kwa jina la Trojan tangu 1912, hucheza mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Mpira huo umekuwa gundi ya wahitimu. Mtu aliyesoma uhasibu miaka 40 iliyopita bado hurudi Jumamosi ya mechi, hukutana na wenzake, huajiri watoto wao, na huchangia. Wahitimu wa USC hujiita familia, na katika biashara za Los Angeles neno hilo si la mapambo. NYU iliacha mpira wa Kimarekani baada ya msimu wa 1952, na timu zake sasa zimo katika daraja la tatu ambalo halitoi ufadhili wa michezo. Kuna kichekesho kimoja hapa. Kombe la Heisman, tuzo kubwa ya mchezaji bora wa mpira huo, lina umbo la mchezaji anayekimbia, na aliyesimama mbele ya mchongaji kuwa mfano wake alikuwa Ed Smith, mchezaji wa NYU. Sura ikatoka pwani ya mashariki, na wachezaji wa USC ndio waliolibeba mara kadhaa.

Kilichoziba pengo la uwanja huko New York ni mji wenyewe, pamoja na kuwaajiri watu wakubwa. Richard Courant, mwanahisabati aliyepoteza kazi yake Göttingen, Ujerumani, mwaka 1933 kwa ajili ya Uyahudi wake, alifika NYU mwaka uliofuata na kujenga taasisi ya hisabati ambayo wanne kati ya wataalamu wake wamepata Tuzo ya Abel, moja ya tuzo kubwa kabisa za hisabati. Hisabati haihitaji ekari. USC kwa upande wake ina uhandisi wenye maabara kubwa, na taasisi yake ya sayansi ya habari huko Marina del Rey, iliyoanzishwa 1972, ndiko ulikobuniwa mwaka 1983 mfumo wa majina ya tovuti tunaoutumia sote tunapoandika anwani ya intaneti.

Katika filamu, eneo ambalo majina haya mawili hutajwa pamoja zaidi, jirani ndiye aliyeamua. Shule ya filamu ya USC ilianza mwaka 1929 kwa ushirikiano na chama cha wataalamu wa filamu kilichokuwa kikiongozwa na mwigizaji Douglas Fairbanks, na studio kubwa zilikuwa safari fupi ya gari kutoka darasani. Mwaka 2006 George Lucas, mhitimu wake, aliipa dola milioni 175. Mafunzo yake yanafuata utaratibu wa studio: kazi imegawanywa, kila mtu na nafasi yake, na filamu inayotengenezwa na mwanafunzi kwa masomo huwa mali ya shule. Shule ya sanaa ya NYU ilianza mwaka 1965, mbali na studio, katika mji wa tamthilia na watengenezaji wa kujitegemea. Martin Scorsese na Spike Lee walipita huko na wote wawili wakarudi kufundisha. Huko mwanafunzi hutarajiwa kuandika, kuongoza na kuhangaikia fedha za filamu yake mwenyewe, nayo hubaki mali yake. Kwa kijana wa Zanzibar au Kampala anayetaka kufanya kazi hii, habari ya nani anamiliki filamu ina uzito kuliko orodha yoyote ya ubora.

Tunarudi sasa kwenye kodi. Kila jengo ambalo NYU hulinunua Manhattan na kulitumia kwa elimu hutoka katika daftari la walipa kodi ya majengo, na katika jiji lenye ardhi ghali namna ile hasara ya mfuko wa umma si ndogo. NYU na Columbia zimo miongoni mwa wenye ardhi wakubwa wa binafsi jijini humo. Mwaka 2023 Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala aliyekuwa mjumbe wa bunge la jimbo na ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuwa meya wa New York, alikuwa mmoja wa waliopeleka muswada wa kuviondolea vyuo hivyo viwili msamaha huo ili fedha ziende chuo kikuu cha umma cha jiji. Mabishano ya aina hii hayajapata nguvu hivyo Los Angeles, kwa kuwa USC ilipewa ekari zake kabla mji haujajua thamani yake.

Uhaba wa ardhi ndio pia ulioisukuma NYU nje ya nchi. Ilifungua kituo cha masomo Accra mwaka 2004, kisha vyuo kamili vinavyotoa shahada Abu Dhabi, kilichopokea wanafunzi mwaka 2010, na Shanghai, 2013. Kile cha Abu Dhabi kilijengwa na kinagharimiwa na serikali ya huko, na kampasi yake katika kisiwa cha Saadiyat ndiyo kampasi halisi ya kwanza, yenye nyua na miti, ambayo NYU imekuwa nayo tangu iuze kilima cha Bronx. Mwaka 2014 magazeti yaliandika habari za vibarua wa ujenzi wake waliotozwa fedha ili wapate kazi, walionyang'anywa hati za kusafiria na waliofukuzwa baada ya kugoma. Uchunguzi uliofuata ulithibitisha kwamba maelfu yao hawakulindwa na masharti ambayo chuo kilikuwa kimeyaahidi. USC haikujenga chuo cha shahada ng'ambo. Kwa zaidi ya mwongo mmoja iliongoza Marekani kwa idadi ya wanafunzi wa kigeni, wengi wao kutoka China, India na Korea, waliokuja wenyewe kuvuka Pasifiki. NYU iliipita katikati ya miaka ya 2010.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki anayefikiria kuomba, mambo haya yote hugusa mfuko. Gharama ya mwaka mmoja, yaani ada, malazi, chakula na bima, imepita dola 90,000 katika kila kimoja. Vyuo vyote viwili vina mabilioni kadhaa ya amana, lakini yakigawanywa kwa wanafunzi wengi namna ile, kila mmoja hupata kidogo sana ukilinganisha na Princeton, yenye zaidi ya dola bilioni 30 na wanafunzi wasiofika 10,000. Ahadi za kusamehe ada ambazo hutajwa sana mtandaoni, ile ya USC ya mwaka 2020 kwa familia zenye kipato kisichozidi dola 80,000 na ile ya NYU iliyoanza na walioingia 2024 kwa walio chini ya dola 100,000, zimetungwa kwa kuziangalia familia za Marekani. USC haiwapi wageni msaada unaotegemea shida ya kifedha. Njia iliyobaki kwao ni ufadhili wa vipaji, ambao huweza kufikia ada yote, nao huwatazama walioomba katika awamu ya mapema. Aliyekubaliwa bila ufadhili atatakiwa kuonyesha, kabla ya kupewa hati ya kuombea viza, kwamba fedha za mwaka wa kwanza anazo.

NYU ya Abu Dhabi ina hesabu zake. Kwa kuwa hazina ya emirate ndiyo inayolipa, msaada wake kwa wanafunzi wa nje umekuwa mkubwa kuliko wa New York, na wanafunzi wake hutoka nchi zaidi ya 100. Anayeingia huko hupata shahada ya NYU, huweza kusoma muhula mmoja au zaidi Washington Square, na likizo hurudi nyumbani kwa ndege ya saa tano au sita hivi hadi Dar es Salaam au Mombasa, karibu njia ileile ambayo majahazi ya kaskazi yalikuwa yakiifuata.